Jumamosi za Bibi Holo

Jumamosi, 1 Machi 2025. Visiga

Daftari hili lilikuwa la mahudhurio ya jumuiya yetu. Nimechana kurasa mbili za mbele nikalichukua, Mungu anisamehe, kwa sababu kuna jambo nimekatazwa kulisema na sina pengine pa kuliweka.

Juzi tulikuwa hospitali Dar, mimi na mume wangu Shija. Mama yake, Bibi Holo, tulimwacha kwenye benchi nje ya mlango, ameshika chupa yake ya uji. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Alitugeuzia picha akatuonyesha kwa ncha ya kalamu. Ni saratani ya ini, na imeshatoka kwenye ini imekwenda kwingine. Hakuna cha kukata. Dawa kali zitamtesa bure. Watampa za kutuliza maumivu, akae nyumbani na watu wake.

"Ana muda gani?" Shija aliuliza.

"Miezi. Siwezi kuwaambia mingapi, lakini si mingi."

Tulipotoka, Bibi Holo alitutazama usoni mmoja mmoja. "Wamesemaje?"

"Wanasubiri majibu, mama," Shija akasema. "Watatupa tarehe ya kurudi."

Jana jioni aliwapigia ndugu zake: Mahona, kaka yake mkubwa anayefuga kule nyumbani kwa mama, Mzenga, na Dotto, dada yao aliyeolewa Kahama. Wakakubaliana mama asiambiwe. Akiambiwa atakata tamaa, atakufa kabla ya siku zake. Mimi nilikuwa jikoni. Shija alikuja kunijulisha, hakuja kuniuliza.

"Wewe ndiye unakaa naye zaidi," akaniambia. "Angalia ulimi wako."

Ni kweli. Shija anatoka alfajiri kwenda kazini Dar na anarudi giza limeshaingia. Mimi ofisi yangu iko hapa hapa Kibaha, masjala ya halmashauri, saa tisa na nusu nimeshafunga makabati. Kwa hiyo jioni tunakuwa wawili, mimi na mama mkwe.

Miaka kumi na tisa ya ndoa. Mimi mtu wa Kibosho, yeye Msukuma aliyeswaga ng'ombe na marehemu mumewe kutoka Meatu mpaka Kisarawe. Hajawahi kunigombeza. Lakini hajawahi pia kukaa na mimi. Nikiingia alipo, anakumbuka kazi, anainuka. Nilizaa mtoto mmoja tu, Brighton, ambaye sasa yuko kidato cha tano Iringa. Nikaamua moyoni kwamba sababu ndiyo hiyo. Sikuuliza.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nilipofika nyumbani Bibi Holo akauliza, "Tarehe yangu imetoka?"

Nikasema bado. Majivu yalikuwa yangali kwenye paji la uso wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Shija amekwenda msibani Mbezi. Nilikuwa nafua uani. Bibi Holo akatoka amevaa kitenge chake cha Krismasi, kilemba kimefungwa vizuri.

"Tutoke," akasema.

"Twende wapi, mama? Kama kuna kitu unataka nitaagiza."

"Sitaki kitu. Nataka kutoka." Akaona sijaelewa. "Tangu nipate akili sijawahi kutoka nyumbani mikono mitupu. Nikitoka nina ndoo, au nina jembe, au nina mtoto mgongoni ana homa. Nataka nitembee siku moja kama mtu ambaye hakutumwa."

Nikaziacha nguo kwenye beseni. Kutoka kwetu mpaka lami ni mwendo wa dakika tano. Tulitumia nusu saa. Alipumzika mara tatu, na kila alipopumzika alitazama kitu: mbuzi aliyepanda juu ya tofali, antena ya jirani, mtoto anayeoga karai nje huku akipiga kelele kama anachinjwa.

Tukakaa kwenye benchi la kibanda cha Tunu, muuza chapati, ambacho mchana kimefungwa kwa ajili ya mfungo. Niseme ukweli, niliona aibu. Hapa Visiga mwanamke wa umri wangu akikaa kando ya barabara hauzi kitu wala hasubiri gari, basi ana matatizo. Watu wawili wanaonijua kazini walipita, wote wakauliza, "Mama Brighton, kuna usalama?"

Kisha lori la ng'ombe likapunguza mwendo mbele yetu. Bibi Holo akasimama. Sijui alipata wapi nguvu.

"Muone yule mwekundu, nundu imelala! Huyo katoka kwetu. Na yule mweusi kajilaza, anajifanya mgonjwa ili wenzake wasimkanyage. Mjanja yule. Nilikuwa na mmoja kama yeye, kila siku ya kukamuliwa anachechemea."

Akaigiza ng'ombe anayechechemea, pale pale kando ya Barabara ya Morogoro, mzee wa miaka sabini na minne. Nikacheka mpaka machozi. Na yeye akacheka, ameshika tumbo kwa mikono miwili kwa sababu kucheka kunamuuma, lakini hakuacha.

Nguo nimemaliza kufua saa kumi na mbili jioni. Hazikukauka.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua kubwa ya kwanza. Mahona amepiga simu kutoka Mzenga. "Barabara inapitika," akasema, akakata. Hakuuliza hali ya mama. Shemeji yangu huyu ana moyo wa jiwe, nimemwambia Shija.

Jumamosi, 15 Machi

Leo tumechukua bajaji ya mzee Pazi. Ni Mzaramo wa Kisarawe, ana umri wangu au amenizidi kidogo, na anaendesha polepole hata abiria wengine humkimbia. Nilimwambia hatuna tunakokwenda. Akafikiri, akasema, "Basi hamtachelewa."

Akatupeleka kwenye vitalu vya miche kando ya barabara. Bibi Holo alipita mche mmoja mmoja, anafikicha jani, ananusa, anauliza jina. Mlimao. Mpera. Mkaratusi. Mchaichai akaurudia mara mbili. Hakuna tulichonunua. Mwenye kitalu alituangalia vibaya mwanzoni, baadaye akawa yeye mwenyewe anamchumia majani na kumletea.

Njiani kurudi: "Mama Brighton, tarehe yangu lini?"

"Bado, mama."

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Kazini nimeweka majalada mapya hamsini na mbili. Nimekuwa nikijisifu kwamba miaka ishirini masjala hakuna siri iliyotoka kwangu.

Jumamosi, 22 Machi

Soga. Ni mzee Pazi aliyetoa wazo. Alituegesha juu ya kilima kidogo cha udongo mwekundu, mbali kidogo na reli, tukasubiri treni la umeme. Mvua ilikuwa imepumzika. Pazi alikuwa amefunga, sisi tulikuwa na karanga za kuchemsha kwenye mfuko, tukaona haya kula mbele yake. Akatuambia, "Kuleni, jamani. Mimi nafaidi harufu."

Tulisubiri karibu saa nzima. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokaa saa nzima bila kushika kitu. Mwanzoni miguu ilikuwa inanicheza yenyewe. Kisha ikatulia. Kulikuwa na ndege wadogo weusi wanakunywa maji kwenye alama ya tairi, wanapeana zamu. Bibi Holo aliwaona kabla yangu, akanigusa goti nami niwaone.

Treni likapita. Halikupiga kelele kama nilivyotarajia. Lilipita kama mtu anayevuta pumzi.

"Halina moshi," Bibi Holo akasema.

"Ni la umeme, mama."

"Mabehewa manane." Alikuwa ameyahesabu, kama anavyohesabu ng'ombe wakiingia zizini. "Na mtoto mmoja kanipungia mkono. Dirisha la tatu."

Mimi mtoto sikumuona. Pazi naye hakumuona. Lakini mama alikuwa ameinua mkono na aliuacha juu muda mrefu baada ya treni kwisha.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Pazi alitualika kwake. Mkewe alimtengea Bibi Holo pilau peke yake, laini, nyama imechambuliwa, kwa kuwa aliona anavyotafuna. Watoto wa mtaa walipita na nguo mpya, wengine viatu vimewazidi. Bibi Holo aliwaambia wapite tena, hakuwaona vizuri. Wakapita tena. Walipita mara nne.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumbo limevimba. Usiku hakulala. Mahona amepiga: "Maji yanaanza kujaa korongoni." Akakata.

Jumamosi, 5 Aprili

Hatukutoka. Mvua kutwa. Nilimsogezea kiti mlangoni tukatazama maji yakishuka bati. Hakuuliza tarehe. Nilisubiri aulize, hakuuliza, na hilo lilinitisha kuliko kuulizwa.

Jumapili, 13 Aprili. Jumapili ya Matawi

Sikwenda kanisani. Niandike ya jana, nisije nikayapamba baadaye.

Bibi Holo aliamka ana nafuu. Akasema anataka kwenda mbali, mahali pa juu. Pazi akatupitisha mpaka Kisarawe, vilimani, kwenye banda la mama anayeuza mihogo ya kukaanga. Kuna benchi limetazama mashariki. Mvua ilikuwa imesafisha hewa, na majengo ya Dar yalionekana kule chini madogo kabisa, kama meno. Pazi akatuacha, akaenda kumsalimia shangazi yake.

Tulikula muhogo kwa chachandu. Bibi Holo alikula vipande viwili, jambo ambalo halijatokea mwezi mzima. Akajilamba vidole. Akasema, "Chumvi yake iko sawa." Akautazama mji. Kisha:

"Mama Brighton, nikuulize kitu. Unijibu kama unavyomjibu padri."

"Uliza, mama."

"Tarehe yangu ipo?"

Nilikuwa na neno *bado* tayari mdomoni. Nimelisema mara ngapi, limeshazoea njia. Safari hii halikutoka.

"Haipo, mama."

"Itatoka?"

"Haitatoka."

"Walisemaje siku ile?"

Nikamwambia. Ini, kusambaa, hakuna cha kukata, miezi si mingi. Nilisema kwa sauti ndogo, nikiangalia muhogo wangu.

Nilidhani atanishukuru. Nimesoma vitabu vya dini ambamo wazee wanapokea habari hizi kwa utulivu na kutoa baraka. Bibi Holo aliitupa sahani. Ilikuwa ya plastiki, ikaruka mpaka kwenye majani, chachandu ikanimwagikia sketi.

"Mwezi na nusu!" akasema. Sauti ilikuwa kubwa hata mama muuza mihogo akaingia ndani ya banda. "Mwezi na nusu mnanilisha uongo kama mtoto anayedanganyiwa dawa! Mimi nimetembea na ng'ombe kutoka Meatu. Nimezika mume, nimezika Kulwa, pacha wa Dotto, nimezika mwingine hata jina hajapata. Leo mnakaa mnaamua kwamba habari ya tumbo langu mwenyewe siwezi kuibeba?"

"Tulidhani..."

"Mlidhani! Nani alidhani? Shija?"

Nikaanza kuifuta chachandu kwenye sketi.

"Nirudishe," akasema.

Hakusema tena mpaka nyumbani. Pazi alitazama kioo mara moja, akaelewa asiulize.

Shija aliporudi, mama yake alikuwa amekaa sebuleni, amenyooka. "Shija," akasema, "tarehe imetoka." Akaingia chumbani akafunga mlango.

Shija alinigeukia. Sijawahi kumuona na uso ule. "Umemuua mama yangu," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Sikuwa jasiri. Nataka niliandike hilo. Nilikuwa nimechoka kusema bado.

Jumatatu, 14 Aprili

Amelala ameelekea ukutani. Hali chakula. Mvua.

Jumanne, 15 Aprili

Hali. Shija analala sebuleni. Dotto amenitumia ujumbe kutoka Kahama, neno moja tu: *Asante*, na najua si shukrani.

Jumatano, 16 Aprili

Uji vijiko viwili, akatema. Mvua. Pazi alisimama getini asubuhi akauliza kama leo kuna safari. Nikamwambia hakuna.

Alhamisi, 17 Aprili

Labda walikuwa sahihi. Labda mtu anahitaji kesho ya uongo ili ale leo. Nimelifungua daftari hili mara tatu nikalifunga.

Ijumaa, 18 Aprili. Ijumaa Kuu

Saa nne asubuhi ameniita. Nikaingia nikijiandaa kwa lolote.

"Nataka mchuzi wa nyama," akasema.

"Mama, leo Ijumaa Kuu."

"Mungu wako anaijua tarehe yangu. Hatakasirika."

Bucha za karibu zilikuwa zimefungwa. Nilimpigia Pazi, akanipeleka kwa Hussen, mchinjaji anayejuana naye, nikarudi na nusu kilo ya mbavu. Nikachemsha kwa chumvi na tangawizi tu. Mimi nimefunga, nyumba nzima inanukia nyama, Shija amekaa ukumbini anajifanya anasoma gazeti.

Alikunywa vijiko saba. Kisha akatuita wote wawili, akamwambia Shija akae chini, kwenye mkeka, kama alipokuwa mdogo.

"Nilikasirika," akasema. "Hasira ina siku zake, siwezi kuifupisha. Sasa imekwisha. Shija, mke wako hajaniua. Kinachoniua unakijua. Yeye kanipa siku zangu mkononi, nipange mwenyewe nizitumie vipi. Wewe ulitaka nizitumie kusubiri."

Shija akainamisha kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Nilitoka. Kuna vitu mke hapaswi kusimama akavitazama.

Baadaye aliniita jikoni, macho mekundu. "Anataka kurudi Mzenga," akasema. "Kabla hajashindwa kukaa." Akapiga simu kwa Mahona, akaweka sauti ya nje.

"Barabara imekatika korongoni," Mahona akasema. "Gari halipiti."

"Mama anakuja, kaka. Anajua kila kitu."

Nilidhani amekata, kama kawaida yake. Kisha nikasikia. Mahona alikuwa analia, mbali na simu, kama mtu aliyegeuka ili asisikike. Akarudi. "Nitakuja na mkokoteni," akasema.

Nikaelewa kwa nini siku zote hukata haraka. Nimemhukumu mtu bure.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Jua. Shija amerudi chumbani. Nimeomba likizo yangu yote ya mwaka.

Jumamosi, 26 Aprili. Mzenga

Tumefika. Nimechoka, lakini niandike.

Pazi alikataa tuchukue gari. Akasema yeye ndiye aliyeanza matembezi haya na yeye atayafikisha. Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, Bibi Holo katikati, mimi na Shija tumemzuia kwa mabega huku na huku. Baada ya Kisarawe mjini barabara ikawa tope, Shija akawa anashuka kusukuma, suruali yake ya kazini mpaka magotini nyekundu. Mama yake alikuwa anamuelekeza kutoka ndani: "Sukuma kwa mguu wa kulia! Huyu kasomeshwa kusukuma karatasi."

Korongoni maji yalikuwa mapana kama uwanja, kahawia, yanakwenda kasi. Ng'ambo alisimama Mahona na mkokoteni wa ng'ombe wanne. Alikuwa amefika tangu jana, amelala pale. Alivuka na ng'ombe wake, maji yakawafika kifuani. Akamshikia mama yake miguu yote miwili, ndivyo alivyomsalimia. Akambeba, akamlaza mkokotenini juu ya majani makavu na blanketi.

Pazi hakuweza kuendelea. Alivua kofia. "Bibi, shikamoo," akasema, ingawa walikuwa wameshaamkiana asubuhi.

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa unaendesha vizuri. Wengine wana haraka gani?"

Katikati ya maji mkokoteni ulielea kidogo, nikaushika ubao kwa nguvu nikaanza Salamu Maria. Bibi Holo alikuwa amechovya mkono majini, anaacha maji yampite kati ya vidole.

"Ya baridi," akaniambia. "Chovya."

Nikachovya.

Jumatano, 30 Aprili

Shija amerudi kazini. Nimebaki. Maisha ya hapa yanaanza ng'ombe wakiamka.

Jumatatu, 5 Mei

Kila siku jua likilainika Mahona anamtoa kwa mkokoteni. Hatuendi mbali. Jana malamboni, ng'ombe wakinywa. Leo shambani kwa jirani wa kutoka Chole, kutazama mtu mwingine akipalilia. Bibi Holo anasema hakuna raha kama kutazama palizi usiyolima wewe.

Ijumaa, 9 Mei

Maumivu makali. Dawa ya maji, kipimo mara mbili. Hakutoka.

Jumapili, 11 Mei

Leo nimeuliza. Tulikuwa chini ya paa la nyasi, ametandikiwa ngozi, mimi nachambua mlenda.

"Mama, miaka yote hii ulikuwa unainuka nikikaa. Ni kwa sababu nilizaa mmoja?"

Alinitazama kama nimesema kwa lugha ya kigeni.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Hakuna. Nilifikiri."

"Basi na wewe unadhani, kama mume wako." Akajigeuza kwa shida. "Nilibeba mimba nane. Kila nilipokuja kwenu nikakuona na mtoto mmoja na mikono yako miwili iko huru, unasoma gazeti, nilikuonea wivu. Nikikaa na wewe nitasema nini? Kwamba leo nimekamua? Nilidhani utachoka na mimi. Nikawa nainuka kabla hujachoka."

Miaka kumi na tisa. Mlenda ulikuwa mwingi, nikaendelea kuchambua ili nisilie. Akachukua konzi moja akanisaidia. Alichambua majani sita, akachoka, akayaweka.

Jumanne, 13 Mei

Mvua ndogo. Ndama kazaliwa, jike.

Jumamosi, 17 Mei

Shija na Dotto wamefika pamoja. Dotto hakunisemesha siku nzima. Jioni tulimuogesha mama pamoja, mimi nimeshika mabega, yeye anapitisha kitambaa. Amekonda mno, tumbo tu ndilo limebaki. Bibi Holo akasema maji yana moto mzuri, tusimtoe haraka. Tukamwacha akae. Dotto akaanza kumsugua nyayo, polepole, na mama akafumba macho akawa anaguna kwa raha kama mtoto. Dotto akanitazama juu ya kichwa chake. Usiku ule alinitengea chakula yeye.

Jumapili, 25 Mei

Likizo yangu imekwisha. Kesho saa moja na nusu natakiwa kufungua makabati. Barabara imekauka, pikipiki inanisubiri nje ya boma.

Nilimuaga amelala. Akasema, "Mgeni anasindikizwa."

"Mama, mimi si mgeni. Na wewe huwezi."

"Niinue."

Mahona akamshika upande mmoja, mimi upande mwingine. Tukatembea. Kutoka mlangoni mpaka lango la zizi ni hatua thelathini kwa mtu mzima wa afya. Alisimama mara nyingi. Kila aliposimama alitazama: kuku anayeoga vumbi, kamba ya nguo, wingu. Sikuharakisha. Najua sasa namna ya kusimama.

Langoni akasema, "Haya. Nenda salama."

Sikuweza kumwacha pale. "Na mimi nikusindikize," nikasema, nikageuka naye, tukarudi mpaka mlangoni. Tulipofika akasema, "Sasa si vizuri, umenirudisha, lazima nikutoe." Mahona akasema, "Mama!" Yeye akawa ameshageuka. Tukaenda tena, safari hii hatua kumi tu. Nikamrudisha. Akanitoa hatua tano. Nikamrudisha. Mwenye pikipiki akazima injini, akatundika kofia yake kwenye kioo, akakaa.

Mwisho alinitoa hatua moja. Tulikuwa tunacheka wote watatu, Mahona machozi yanamtiririka na hajifichi. Akanishika uso kwa viganja vyake vyote viwili, ngumu kama gome.

"Laurensia," akasema.

Miaka yote nilikuwa Mama Brighton. Nikapanda pikipiki.

Alhamisi, 5 Juni. Mzenga

Alifariki juzi Jumanne alfajiri. Tumemzika jana. Pazi alikuja na mkewe. Shija alishuka kaburini kumpokea mama yake, yeye na Mahona.

Leo asubuhi, wageni wakiwa bado wamelala, Mahona alinikuta jikoni nawasha moto. Mtu huyu ambaye sikuwahi kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo alikaa kwenye kigoda akanieleza.

"Ijumaa aliniambia nimtoe. Nikamuuliza, wapi? Akasema, nipeleke nitakapokaa. Nikajua. Nikamweka mkokotenini nikamfikisha pale karibu na baba. Akasema nimshushe, nimkalishe chini kabisa, aone pakoje. Nikamkalisha. Akatazama huku na huku. Akasema, kijito kinasikika, vizuri. Akaniomba hindi, nikaenda kuchoma bichi la shambani, nikamletea. Akala punje chache. Nami nikakaa. Tulikaa tu, shemeji. Jua lilikuwa zuri. Hatukuzungumza habari ya kifo. Alikuwa anaimba wimbo wa kuswagia ng'ombe, kidogo kidogo, anasahau maneno, ananiuliza."

Akachochea moto kwa kijiti.

"Kisha akaanza kujikuna. Siafu! Walikuwa wamempanda mguuni. Akakasirika, akasema, Mahona, hapa hapafai, hawa watanisumbua. Nisogeze. Nikamsogeza hatua moja. Akasema bado. Nikamsogeza nyingine. Akakaa. Akasubiri aone kama watamfuata. Hawakumfuata. Akasema, basi, hapa."

Jana wachimbaji walikuwa wameshaanza kuchimba sambamba na kaburi la baba, jembe la kwanza limeshaingia, nikamuona Mahona amewasimamisha. Sikuelewa kwa nini. Walibishana kidogo, mstari utaharibika, wakamwambia. Alisimama pembeni ya kaburi la baba yake, akaangalia chini kwa makini, akahesabu hatua mbili kuelekea kijitoni, akachora mstari kwa kisigino.